Nguvu na Sharti Lake: Uundaji wa Mfumo wa Uganga katika Riwaya ya Fantasia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mtunzi wa riwaya ya fantasia anavyounda mfumo wa nguvu zinazopita uwezo wa kawaida wa binadamu, na sababu zinazofanya baadhi ya mifumo hiyo izae hadithi ilhali mingine huiua. Hoja kuu ni kwamba uti wa mgongo wa mfumo si nguvu bali sharti linaloambatana nayo, na kwamba sharti huwa na tija ya kisanaa pale linapomgusa mtumiaji katika jambo analolithamini au kuliogopa kuliko mengine yote. Kazi zinazochambuliwa ni A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968), Mistborn ya Brandon Sanderson (2006) na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Aidha, makala yanaonesha kuwa msamiati wa Kiswahili wa uganga una tofauti za ndani ambazo mtunzi na mfasiri wa fantasia hawawezi kuzipuuza bila kuiharibu kazi.

1. Utangulizi

Mhusika wa riwaya ya kihalisia akifungiwa chumbani, msomaji anajua ugumu wa ukuta na maana ya kufuli. Hahitaji kuelezwa. Lakini mhusika mwenye uwezo wa kupenya ukutani akifungiwa katika chumba hichohicho, msomaji hana la kuhofia mpaka aambiwe ni kuta zipi zisizopenyeka na kwa nini. Hilo ndilo tatizo la msingi la riwaya ya fantasia: taharuki, ambayo katika uhalisia hutegemea ujuzi ambao msomaji anao tayari, hapa hutegemea ujuzi ambao mtunzi hana budi kuujenga mwenyewe, na kuujenga kabla haujahitajika.

Mwaka 2007 mwandishi wa Marekani, Brandon Sanderson, aliiweka hoja hiyo katika kanuni ambayo tangu hapo imerudiwarudiwa sana na wafundishaji wa utunzi: uwezo wa mtunzi wa kutatua mgogoro kwa nguvu hizo, na msomaji akaridhika, unalingana na kiasi ambacho msomaji amezielewa. Baadaye aliongeza kwamba mipaka ya nguvu ina uzito kuliko nguvu yenyewe. Kanuni hizi zina manufaa, lakini zimeacha pengo. Zinasema kwamba mipaka iwepo na ieleweke. Hazisemi ni mipaka ya namna gani inayozaa hadithi. Mpaka wa kwamba fimbo ya miujiza haifanyi kazi siku ya Jumanne unaeleweka kikamilifu, na hauna faida yoyote.

Ni vyema pia kutenga tangu mwanzo kazi ambazo mjadala huu hauzihusu. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, pamoja na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, zina matukio yasiyo ya kawaida, lakini hazina mfumo, wala hazikukusudia kuwa nao. Katika uhalisia-mazingaombwe ajabu hutokea bila maelezo, na kutoelezwa kwake ndiko kunakomtikisa msomaji. Kuzidai riwaya hizo kanuni za nguvu ni kuzidai kisichokuwa chake.

2. Uchawi, uganga na kiinimacho

Mtu akitaka kuandika kuhusu jambo hili kwa Kiswahili hukutana na kikwazo katika neno la kwanza. Wengi huandika “mfumo wa uchawi”, na kwa kufanya hivyo huwa wameshatoa hukumu. Katika Kiswahili uchawi ni uovu. Mchawi hufanya kazi yake usiku, kwa siri, kwa husuda au kwa kudhuru tu, na hakuna mtu anayejitangaza kuwa mchawi. Mganga, kwa upande wake, hujulikana kwa jina na kwa nyumba. Amefunzwa au amerithi mkoba, hulipwa ada, huagua, huzindika, hupunga pepo, na huweza kulaumiwa tiba isipofaa. Ni kweli kwamba mpaka baina ya wawili hawa huvukwa, na hadithi nyingi huanzia hapo. Lakini haviwezi kuvukwa visivyotofautishwa.

Tofauti hiyo haimo katika kamusi pekee. Huko Tanzania sheria inayoukabili uchawi ina asili yake katika utawala wa kikoloni, mwaka 1928, ilhali waganga wa jadi wamewekewa sheria yao ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Jamii iliyo na sheria mbili kwa mambo mawili haiwezi kutarajiwa kuyasoma mambo hayo kama kitu kimoja ndani ya riwaya.

Basi mfasiri anayemwita shujaa wa Le Guin “mchawi” atakuwa amempa msomaji wa Kiswahili mhusika mwingine kabisa. Ged, mhusika mkuu wa A Wizard of Earthsea, anafunzwa na fundi, anapelekwa shuleni katika kisiwa cha Roke, anahitimu na kupangiwa kisiwa cha kuhudumia, ambako watu humwendea kwa shida zao hadharani. Huyo ni mganga. Ndiyo sababu makala haya yanatumia uganga kuwa jina la jumla la nguvu zinazojadiliwa, na kuliachia neno uchawi uzito wake wa asili.

Kiswahili kinakwenda mbali zaidi. Le Guin anatofautisha udanganyifu wa macho, ambao humfanya mtazamaji aone kisichokuwapo, na ugeuzaji wa kweli, ambao hubadili kitu chenyewe. Tofauti hii, ambayo katika riwaya inahitaji somo zima la mwalimu kwa mwanafunzi, msomaji wa Kiswahili anakuja nayo kutoka nyumbani: cha kwanza ni kiinimacho, na hakuna mtu mzima anayekichanganya na kugeuzwa umbo. Na liko neno lenye thamani kubwa zaidi kwa mtunzi kuliko hayo yote, nalo ni sharti. Mganga hatoi dawa tupu. Hutoa dawa na masharti yake. Usile kitu fulani, usigeuke nyuma, usiseme na mtu njiani. Atakayevunja sharti tiba humgeukia. Msomaji aliyekulia katika ngano za aina hii hahitaji kufundishwa kwamba nguvu ina mipaka. Anachongoja kujua ni lini mpaka utavukwa, na nani atakayeuvuka.

3. Jina kama sharti

Katika visiwa vya Earthsea kila kitu kina jina la kweli katika Lugha ya Kale, na anayelijua jina hilo ana mamlaka juu ya kitu hicho. Ukisikika hivyo, mfumo huu unaonekana hauna mipaka: mwenye kujua majina yote angetawala yote. Le Guin anauwekea mipaka kutoka ndani ya kanuni yenyewe. Majina ni mengi kupita umri wa mtu, kwa kuwa bahari ina jina lake na kila ghuba, kila rasi na kila mwamba una lake. Mwanafunzi wa Roke hukaa katika mnara wa upweke akikariri orodha ambazo hazina mwisho. Kwa hiyo mganga hutawala kilicho karibu naye, kile anachoweza kukitaja kwa usahihi, na uwezo wake hauvuki ujuzi wake. Kuna pia sharti la pili, la Uwiano: kubadili kitu kimoja ni kuigusa dunia nzima, na mvua iliyofukuzwa hapa itanyesha au itakosekana pengine. Ndiyo maana Ogion, mwalimu wa kwanza wa Ged, hukubali kulowa. Mwanafunzi anaona ajabu kwamba mtu mwenye uwezo wa kuiamuru mvua huenda kulala chini ya mti ikimnyeshea, na humchukua muda mrefu kuelewa kwamba huko kulowa ndiko kufuzu.

Ufundi wa Le Guin unaonekana zaidi katika mpangilio wa matukio kuliko katika maelezo hayo. Kabla msomaji hajaelezwa nadharia yoyote, ameshaonja gharama mara mbili. Ged akiwa mtoto mchunga mbuzi anarudia maneno aliyomsikia shangazi yake akiyasema. Mbuzi wanamjia, wanamsonga, na yeye hana neno la kuwaachilia. Anajua kufunga, hajui kufungua. Baadaye anaunda ukungu kukiokoa kijiji chake na wavamizi, akaokoa kweli, kisha akabaki bubu, hali wala halali, mpaka Ogion alipofika kumponya. Tukio la kwanza linafundisha kwamba neno bila ujuzi humfunga msemaji. La pili linafundisha kwamba nguvu hutoka mwilini mwa mwenyewe. Hapajatolewa somo hata moja, na mfumo umeshaeleweka.

Sharti la jina linamgusa Ged mahali panapomuuma: kiburi. Akiwa Roke anashindana na mwenzake na kuita roho ya mtu aliyekufa zamani. Anafaulu, lakini kupitia ufa alioufungua anaingia mzuka usio na jina, na mkuu wa shule anakufa katika kuuziba ufa huo. Tangu hapo Ged anawindwa na kitu asichoweza kukitawala kwa kuwa hakina jina la kukitaja. Msomaji anajua kanuni, kwa hiyo anajua pia ukubwa wa hatari. Hakuna haja ya mtunzi kuongeza meno wala makucha.

Kisha inakuja dondoo ambayo wachambuzi wengi huipita haraka. Katika kisiwa cha Osskil mzuka huo, ukiwa umevaa mwili wa mtu mwingine, unamwita Ged kwa jina lake la kweli, naye anashindwa hata kujigeuza umbo ili akimbie. Tukio hilo linatisha, na wakati uleule ni ushahidi uliowekwa mezani. Jina la kweli la mtu hujulikana na wachache mno, wale aliowaamini nalo. Mzuka umelipata wapi? Kwa kanuni ambazo msomaji ameshazipokea, jibu linaweza kufikiwa kabla ya mwisho: unalijua jina hilo kwa kuwa ni lake pia. Ged anapokutana nao katika ukingo wa dunia anautaja kwa jina lake mwenyewe. Hakuna nguvu mpya iliyozushwa, wala silaha iliyofichwa. Sharti lililomfunga kitabu kizima ndilo linalomfungua.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Methali hiyo huchukuliwa kuwa kejeli, lakini ikisomwa kama kanuni ya mfumo inaeleza kwa nini Ged anashindwa kila anapotumia uganga wake dhidi ya mzuka. Joka la Pendor lilikuwa tayari kumuuzia jina la mzuka. Angelikubali, angepata dawa kutoka kwa mwingine. Anakataa, kwa sababu bei yake ni kuwaacha wakazi wa visiwa alioahidi kuwalinda. Hapo uganga, ahadi na hofu vinakutana katika uamuzi mmoja, na kukutana huko ndiko kunakoupa mfumo huu thamani kuliko wingi wa maajabu yake.

4. Madini

Mfumo wa Mistborn unaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, jambo ambalo lenyewe linasema kitu juu yake. Wenye kipaji humeza madini na “kuyachoma” ndani ya mwili, na kila madini yana kazi yake: chuma cha pua husukuma vitu vya metali, chuma cha kawaida huvivuta, bati hunoa hisia. Madini yakiisha nguvu imeisha. Anayesukuma sarafu iliyolala chini hurushwa juu mwenyewe; anayesukuma kitu kizito kuliko yeye husukumwa nyuma. Msomaji hufuatilia mapigano kama anayefuatilia mchezo wa bao, akihesabu kete zilizobaki.

Huu ni ubunifu wa hali ya juu, na raha yake ni ya kweli. Hata hivyo, gharama yake hulipwa kwa kitu kilicho nje ya nafsi. Vin, msichana anayejifunza nguvu hizo, akiishiwa madini amekosa silaha. Hajakosa kitu chochote cha utu wake. Pale riwaya inapopata kina ni pale madini yanapoacha kuwa kuni na kuwa uchumi: madini adimu kuliko yote, yanayompa mtumiaji uwezo wa kuona kitambo kidogo mbele, yamo mikononi mwa mtawala, na kwa kuyagawa anawashika wakuu wa nyumba za kikabaila. Katika hatua hiyo sharti la mwili limegeuka kuwa sharti la dola. Inaelekea Sanderson mwenyewe alilitambua hilo kuliko wengi wa wanaoinukuu kanuni yake, ambao huishia kutunga majedwali ya nguvu na kusahau kuuliza ni nani anayemiliki mgodi.

5. Adhabu kama sharti

Adili na Nduguze haijazoeleka kuwekwa katika mjadala wa fantasia. Husomwa kama hadithi ya maadili, na kuhusishwa na masimulizi ya Alfu Lela Ulela ambayo ina nasaba nayo. Lakini ukiiuliza swali la makala haya, kitabu hiki kidogo kinajibu kwa namna ambayo wengi wa watunzi wa leo hawajaifikia.

Adili, liwali wa Janibu, ana manyani wawili nyumbani, na kila usiku huwacharaza kwa mjeledi. Siri hiyo inagunduliwa na mjumbe wa mfalme Rai, na Adili anaitwa kujieleza. Manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomfanyia hiana. Waliowageuza ni mkono wa Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa. Pamoja na kuwageuza, Huria ameweka sharti: Adili awapige kila usiku, na akikosa ataadhibiwa yeye.

Tazama mahali gharama ilipowekwa. Nguvu iliyotendeka haikutendwa na Adili wala haikuombwa naye. Wakosaji ni wengine, mtenda adhabu ni mwingine, na bado mzigo wa kila usiku umemwangukia aliyedhulumiwa. Mtu ambaye sifa yake ni uadilifu na huruma kwa ndugu analazimishwa kuwa mkono wa ukatili juu ya ndugu haohao, tena kwa siri, na siri hiyo inaliweka jina lake jema hatarini mbele ya mfalme. Sharti limechaguliwa kwa kipimo cha mhusika: lingewekwa kwa mtu mwenye kisasi, lingekuwa zawadi.

Anayeishika kanuni ya Sanderson kwa ukali anaweza kupinga namna fundo hilo linavyofunguliwa. Adhabu inaondolewa kwa maombezi ya Rai, yanayopokewa na ulimwengu wa majini, na hakuna mahali ambapo msomaji alifundishwa kwamba mfalme wa binadamu ana usemi huko. Pingamizi hili lina nguvu kidogo tu. Mfumo wa Shaaban Robert hauendeshwi na mitambo ya sababu na matokeo. Unaendeshwa na haki. Huria anageuza watu kuwa manyani kwa sababu wametenda uovu, hakuwageuza kwa kuwa ana chuki nao. Nguvu inayotii haki inaweza kusikiliza ombi la mwenye haki, na sifa za Rai katika jambo hilo zimeshatandazwa tangu kurasa za mwanzo. Matayarisho yapo, yamefanywa katika tabia badala ya kufanywa katika maelezo ya nguvu.

Liko jambo jingine linalowaweka Shaaban Robert na Le Guin kwenye meza moja. Kwa Le Guin jina la kweli hufichwa, na kufichuliwa kwake ndiko kilele. Kwa Shaaban Robert majina ya kweli yako wazi tangu mwanzo: Adili, Hasidi, Mwivu. Msomaji anazijua tabia za wahusika kabla wao hawajajijua, na kwa kanuni ya Earthsea mambo yangekuwa yamekwisha, kwa kuwa aliyetajwa ametawaliwa. Lakini ndugu hao wanasamehewa na kurudishiwa umbo la binadamu, na hapo linazuka swali ambalo mfumo wa majina hauna jibu lake tayari: je, Hasidi asiyehusudu tena ataitwa nani?

6. Lugha ya nguvu

Mtunzi wa Kiswahili anayetaka kuunda mfumo unaosimama juu ya neno hana haja ya kuazima mnara wa Roke. Katika elimu ya falaki ya pwani, mganga huuliza jina la mtu na jina la mama yake, huzipa herufi thamani zake za abjadi, hujumlisha, na kutoka katika hesabu hiyo hupata nyota. Katika kombe, aya huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, huoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa huinywa. Haya ni mafundisho mawili tofauti kabisa kuhusu lugha. Katika la kwanza jina ni idadi, wala halimhusu mtu peke yake, kwani bila mama hesabu haikamiliki. Katika la pili neno ni kitu kinachoyeyuka na kuingia mwilini. Yote mawili hayafanani na jina la Le Guin, ambalo ni sauti inayotamkwa na lina mwenyewe mmoja.

Tofauti hiyo ni mtaji. Mfumo ambamo hakuna awezaye kufungwa kwa jina lake bila jina la mamaye utazaa migogoro ambayo Earthsea haiwezi kuizaa: mama anayetakiwa kulificha jina lake ili kumlinda mwana, yatima asiyelogeka na asiyetibika vilevile, ndugu wa tumbo moja wanaoshiriki nusu ya hesabu. Hapo tena sharti liko mahali pake, katikati ya mapenzi na hofu. Tahadhari inahitajika, kwa maana kombe na falaki kwa watu wengi si mambo ya kubuni. Ni tiba na ibada, na wengine huyapinga kwa hoja za dini hiyohiyo. Mtunzi anayeyachukua bila kuyabadili huwa ameandika ripoti mbovu kuhusu watu halisi. Anayechukua kanuni yake ya ndani na kuijengea ulimwengu wake huwa ameandika riwaya.

Linabaki suala la Lugha ya Kale yenyewe. Le Guin aliibuni lugha hiyo, kwa hiyo haina wazawa wanaoweza kulalamika. Mtunzi wa Kiswahili ana lugha halisi za kuchagua, na kila chaguo lina upande. Akivipa vitu majina ya kweli kwa Kiarabu, amesema kwamba nguvu ilikuja na jahazi. Akitumia Kingozi, lahaja kongwe ya washairi, ameiweka nguvu hiyo Lamu na Pate, mikononi mwa wachache waliohifadhi tungo za kale. Akitumia lugha ya bara, kama Kinyamwezi, amewageuza wanafunzi kuwa walimu, na watu wa pwani waliozoea kuitwa wenye elimu watalazimika kwenda kujifunza kwa waliowaita washenzi. Kila mojawapo ya njia hizi ni riwaya kamili, na uamuzi wake haupaswi kuachwa mpaka sura ya kumi, kwa sababu mganga wa kwanza atakapofungua kinywa chake katika sura ya kwanza atakuwa tayari anasema kwa lugha fulani.